Nani Kala Katikati?

Benchi letu liko chini ya varanda, mlangoni mwa baa ya Mirella, na kabla hujauliza: hapana, nafasi hakuna. Tunakaa wanne. Ivano tunamwita Reli, kwa sababu alifanya kazi ya treni miaka thelathini na tano na hajaacha kuitaja hata siku moja. Loris tunamwita Daktari. Alikuwa anapeleka dawa majumbani kwa baiskeli. Mimi ni Nerio, niliendesha basi, na jina la utani sina kwa sababu mimi ndiye ninayewapachika wenzangu. Wa nne ni Delmo, au Sukari, aliyekuwa na duka la keki pale ng'ambo ya barabara, ambapo siku hizi wanatengeneza simu. Mwaka huu Sikukuu ya Mapambo imefika zamu ya parokia yetu, na zamu hiyo huja mara moja kila miaka kumi, kwa hiyo huku kwetu Bologna mtaa mzima umejaa ngazi na ndoo za rangi. Sisi wanne tunawasimamia mafundi, kazi ambayo hakuna aliyetupa. Lakini Alhamisi ile hata fundi aliyekuwa anapaka nguzo hatua mbili kutoka kwetu hatukumtazama. Alhamisi ndiyo siku ambayo mke wa Delmo hupanda treni.

Reli: Amekwenda?

Delmo: Amekwenda.

Reli: Wapi leo?

Delmo: Mantova. Kaniachia karatasi mezani. "Nimekwenda Mantova, tambi za tortelini ziko kwenye friji." Basi! Miaka arobaini na moja ya ndoa, naagwa na friji.

Daktari: Mantova mbali.

Reli: Mbali wapi? Unabadilisha treni Modena, unangoja dakika kumi na nne...

Mimi: Reli, nyamaza kwanza. Mwenzako anaumwa.

Na kweli alikuwa anaumwa. Tangu Pasaka, shemeji yetu Argia hutoka asubuhi kila Alhamisi na gauni lake la kwenda kanisani, hurudi jioni na kifurushi kidogo kimefungwa utepe. Alhamisi ya kwanza Ferrara. Ya pili Reggio, ya tatu Modena. Hasemi alikuwa na nani. Anaweka kifurushi mbele ya mumewe, anavua viatu, anaimba. Kuimba ndiko kulikommaliza Delmo.

Delmo: Kwangu mimi, yeye kusafiri si tatizo. Aende. Tatizo ni kilichomo kwenye kifurushi.

Daktari: Si keki tu?

Delmo: Keki gani! Ferrara, ile yao ya chokoleti inayopasuka juu. Nafungua, nakuta ukingo. Ukingo mtupu! Reggio, pai yao ya mboga: ukingo. Modena, ule mkate wao mtamu wanaochovya kwenye divai: ukingo, tena wa kona. Mimi ukinipa kipande nakwambia kilikaa wapi kwenye trei. Sasa niambieni. Katikati kala nani?

Mirella alileta kahawa nne na kuziweka pole pole, maana na yeye alitaka kusikia.

Reli: Kondakta.

Delmo: Kondakta yupi?

Reli: Sijui, lakini ni kondakta. Mimi nawajua wale. Sare imepigwa pasi, masharubu yamechanwa, "Mama, tiketi tafadhali," na mama kesha kwisha. Halafu kondakta leo yuko Ferrara, kesho Modena. Inaingia vizuri kabisa.

Daktari: Haiingii. Wewe tazama ushahidi. Huyu mtu anakula katikati, anaacha ukingo. Kwa nini?

Delmo: Kwa nini?

Daktari: Hana meno.

Delmo: Ala!

Daktari: Nakwambia kitabibu. Ukingo mgumu, katikati laini. Mwanamume huyo fizi tupu.

Delmo: Yaani mimi na meno yangu yote niachwe kwa ajili ya kibogoyo?

Mimi: Tena kibogoyo tajiri. Fikirini jamani. Mtu mzima, hana meno, bado mwanamke anamfuata mji hadi mji. Huyo ana jumba. Ana bustani, ana sanamu zinazomwaga maji. Inawezekana ni mtoto wa ukoo wa wale watawala wa zamani.

Reli: Sasa Ferrara jumba, Reggio jumba, Modena jumba?

Mimi: Ni ndugu. Ndugu wanne, kila mmoja na mji wake.

Daktari: Na wote hawana meno?

Mimi: Ni ugonjwa wa ukoo. Si wewe daktari?

Nakiri nilikuwa namkoroga. Lakini na mimi roho ilikuwa inaniuma, kwa sababu yangu mwenyewe. Mke wangu akisafiri huenda kwa dada yake, na akirudi hurudi na dada yake. Delmo angalau analetewa ukingo.

Delmo: Chekeni. Mimi naona wivu, nimeshasema. Namwonea wivu mtu ambaye hata sura yake siijui. Na si yeye tu. Nauonea wivu mji mzima wa Ferrara! Nimempikia yule mwanamke miaka arobaini na moja. Mnaikumbuka keki yangu ya wali?

Tuliikumbuka. Wali wa maziwa, lozi, maganda ya limau, inatoka jikoni inang'aa. Sikukuu ya Mapambo hapa kwetu bila keki ile si sikukuu. Delmo aliikata mshazari, kama kashata, na kila kipande akakichoma kijiti chake.

Delmo: Trei sita kwa siku! Na mteja wangu, sikilizeni, mteja wangu hajawahi kupewa ukingo. Hata mmoja! Askofu alikula kwangu, akala katikati. Karani wa posta alikula kwangu, katikati. Hiyo ndiyo heshima ya duka. Leo mimi naletewa ukingo na mke wangu mwenyewe! Nawaapia, asithubutu tu kwenda Pavia.

Daktari: Pavia kuna nini?

Mimi: Usimuulize Pavia.

Delmo: Kuna ile keki yao nyeupe nyeupe, laini, inayeyuka kabla hujafunga mdomo. Nimeijaribu mara tatu. Mara tatu imelala kwenye oveni kama kofia iliyokaliwa. Akila ile, hanitazami tena.

Hapo hakuna aliyecheka. Delmo mwenye mikono ile mikubwa, anashindana na keki ya Pavia na mtu asiye na meno.

Ndipo fundi wa rangi akashuka kwenye ngazi. Mtu wa makamo, wa kutoka Rovigo, jina lake Oreste. Tangu asubuhi alikuwa juu pale anapaka nguzo na kutusikiliza bila kutaka. Akafuta mikono kwenye suruali, akaomba kahawa kwa Mirella, akainywa amesimama.

Oreste: Samahani wazee wangu. Mimi mgeni hapa.

Reli: Sema, fundi.

Oreste: Nina swali kwa mzee wa keki. Pale dukani kwako, ukishakata na wateja wakichukua katikati, zile kingo alikuwa anakula nani?

Delmo akageukia ng'ambo ya barabara, lilipokuwa duka lake.

Reli akaanza kutazama saa yake, Daktari akakoroga kikombe kitupu. Mimi jibu nilikuwa nalo. Kituo cha basi langu kilikuwa mbele ya dirisha la duka lile, na miaka yote nilimwona Argia nyuma ya kaunta, amesimama, anatafuna kingo haraka haraka kutoka kwenye karatasi kabla mteja hajaingia. Nilidhani anapenda.

Fundi alishukuru kwa kahawa, akarudi kwenye ngazi yake, akatuacha na lile swali. Delmo alikaa anatazama mikono yake. Mirella alitoka kuuliza kama tunataka kahawa nyingine, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue Delmo, alitikisa kichwa kukataa.

Saa kumi na moja jioni Argia alitokea chini ya varanda, kifurushi mkononi, uso umepigwa jua.

Argia: Mbona mko kimya? Kafa nani?

Reli: Hakuna, shemeji. Karibu.

Argia: Reli, treni ya Modena imechelewa dakika ishirini.

Reli: Pole, shemeji.

Alisema pole kana kwamba aliichelewesha yeye. Argia akaweka kifurushi magotini kwa mumewe, kama kila Alhamisi. Tulijua kinachofuata: Delmo atakiangalia, atakasirika, atauliza katikati iko wapi, na Argia ataanza kuimba.

Delmo alifungua utepe. Ndani kulikuwa na ile keki ya Mantova, ngumu, ya lozi na unga wa mahindi, na kilikuwa kipande cha ukingo. Hakuuliza kitu. Alikila. Alikila chote mbele yetu, kwa kishindo, mpaka akalamba vidole na kuokota makombo kwenye suruali.

Delmo: Imeungua kidogo.

Argia: Najua.

Delmo: Na kavu.

Argia: Najua, Delmo.

Daktari akageuza uso, anatazama ukuta. Delmo alikunja ile karatasi mara mbili, mara nne, akaikunja tena mpaka haikukunjika.

Delmo: Alhamisi ijayo unakwenda wapi?

Argia: Pavia.

Nilishika ukingo wa benchi. Nilimjua mtu wangu, nikaona keki tatu zilizolala zikipita machoni mwake.

Delmo: Treni saa ngapi?

Reli alikuwa anajua. Haki ya Mungu alikuwa anajua, na alinyamaza.

Argia: Saa mbili na nusu asubuhi. Kwa nini?

Delmo: Nataka kuja.

Argia akasema:

– Ukija, unakula ukingo.

– Nitakula ukingo.

– Na kisu nakishika mimi.