Bi Fundo, Mvuvi Asiyepanda Chombo

Laki tatu na nusu za mazishi, mweka hazina wa chama cha wavuvi amesema hapo mlangoni, jeneza likiwa limeshafika, kwamba hazitoki, kwa sababu kitabu chao kinasema mvuvi ni aliyepanda chombo, na dada yangu hakupanda. Nimemwambia anyamaze, hela yao wabaki nayo, jeneza tumelilipia wenyewe, sasa naomba mkae nisome.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, nyumba ya pili kutoka kiwanda cha barafu, wa kwanza kwa baba yetu mvuvi. Alisoma hadi darasa la nne, mwaka 1969, akatolewa ashike sindano ya kushonea nyavu, na kwa mafundo yake yasiyofumuka akaitwa Bi Fundo, jina lililowatia wakwe zake wasiwasi, wakidhani ana kinyongo.

Aliolewa na nahodha tarehe 2 Agosti 1979, wakapata binti mwaka 1980 na kijana mwaka 1984. Tarehe 6 Oktoba 1991 chombo kilirudi bila nahodha. Tangu hapo nyavu zenu zilizotoboka zililala barazani kwake, na fungu lake likawa samaki wawili kwa kila wavu, mmoja wa chunguni, mmoja wa kuuza, na huyo wa kuuza ndiye aliyeleta madaftari, sare na bati mnaloliona, mpaka binti akawa mwalimu, kijana akawa fundi umeme, wakaenda mbali na kazi zao.

Kuanzia mwaka 2009 aliishi peke yake. Manahodha mlinung'unika, "Bi Fundo, wavu wa kazi ya saa mbili siku hizi unataka siku tatu?", naye akajibu, "Njoo kesho, mwanangu, bado kidogo," kumbe nyavu zimekunjwa nyuma ya mlango, zimekwisha kushonwa zamani. Nilipomuuliza, alisema akizitoa zote leo, kesho nani atabisha hodi? Nilicheka, nikaenda zangu, sikurudi mwezi mzima.

Presha ilimwanza Januari 2023, akafariki tarehe 9 Juni 2024, saa nane mchana, kitini, jirani akiwa sokoni.

Tunamshukuru daktari aliyemfuata nyumbani, jirani aliyemfulia, na wauza samaki waliofunga meza zao leo. Dada, pumzisha mikono yako kwa amani.

Nanyi chama, hata asubuhi hii mmevulia mafundo yake. Leteni kitabu hapa, mumwandike: mvuvi.