Mguu wa Kushoto wa Katekista

NOTBURGA: Haloo? Nani huyo? Sema kwa nguvu, huku Matiri mtandao unakuja na kuondoka!

BERNADI: Haloo... Hapo ni kwa mama Wilfred?

NOTBURGA: Ndiyo, mimi Notburga, mama Wilfred mwenyewe. Shikamoo, baba.

BERNADI: Marahaba, binti yangu, marahaba. Hamjambo huko? Kahawa—

NOTBURGA: Kahawa ndiyo tunamenya, mikono yote utelezi. Nani mwenzangu? Kama ni mnunuzi niambie mapema. Tangu ushirika ufe, kila siku anapiga mnunuzi mpya, na kahawa yangu bado mbichi.

BERNADI: Si mnunuzi. Ni mimi... Tumsifu Yesu Kristo.

(Mashine ya kumenyea inasikika kwa mbali.)

NOTBURGA: Katekista?

BERNADI: Ndiyo.

NOTBURGA: Katekista Bernadi!

BERNADI: Usinitaje kwa sauti, mama, kama kuna watu hapo—

NOTBURGA: Wapo saba, wote wamegeuka. Enhe! Basi nirudishie shikamoo yangu.

BERNADI: Mama Wilfred...

NOTBURGA: Nirudishie. Nilidhani nampa mtu mzima.

BERNADI: Sawa. Nimekurudishia. Nisikilize kidogo tu. Simu ni ya Bwana Ausi, mwenye duka hapa Mbamba Bay, ameniazima, na salio lenyewe—

NOTBURGA: Mbamba Bay! Kumbe ndiko ulikokimbilia. Sisi tulisikia umevuka ziwa, uko Malawi. Unafanya nini huko?

BERNADI: Naanika dagaa wa watu.

NOTBURGA: Mwalimu wa dini mzima! Ehee. Wiki ya tisa sasa. Watoto wa hapa wana mchezo, ungeuona. Mmoja anakaa kwenye kigoda, mwingine anakuja na bakuli, anasema, "Mguu wa kushoto, Katekista!" Basi wanagaragara kwa kicheko.

BERNADI: Hata watoto?

NOTBURGA: Alhamisi Kuu, mlipooshwa miguu, watoto walikaa benchi la mbele. Waliona vizuri kuliko sisi.

BERNADI: Miaka yote Padre anaosha mguu mmoja, wa kulia—

NOTBURGA: Huyu mpya anaosha yote miwili! Mitume kumi na wawili mmejipanga, wewe wa kwanza, kanzu imepigwa pasi mpaka inang'aa. Ukatoa wa kulia. Padre akasema, na huo mwingine. Ukauficha chini ya kiti! Nikasema moyoni, masikini, baba ana kidonda. Kumbe baba ana hirizi! Nyeusi, na uzi mwekundu, imekaa kifundoni imetulia. Padre kaishika, maji yanachuruzika, hajui aiweke wapi.

BERNADI: Inatosha, mama.

NOTBURGA: Haijatosha. Ya mganga wa wapi?

BERNADI: Kingerikiti.

NOTBURGA: Kote huko!

BERNADI: Nisionekane. Mjukuu wangu alipatwa na degedege, mama Wilfred. Anakakamaa mikononi mwangu, macho yanageuka meupe. Mganga akanifunga mimi, babu mtu, akasema nisiivue siku saba. Alhamisi ilikuwa siku ya sita. Niliogopa kuivua. Wallahi... samahani. Kweli kabisa, niliogopa.

NOTBURGA: Alipona?

BERNADI: Alipona. Zahanati walimchoma sindano—

NOTBURGA: Wangu, mdogo wake Wilfred, hakupona.

BERNADI: Ndiyo maana nimepiga.

NOTBURGA: Baada ya miaka saba. Haya, sema shida yako.

BERNADI: Padre ameniandikia barua. Anasema nirudi, Jumapili hii nisimame mbele ya waumini, niombe radhi, nipokelewe tena. Lakini kwanza nipatane na wewe. Nimekaa na hiyo barua siku kumi na moja.

NOTBURGA: Unataka nini kwangu?

BERNADI: Usimame nami. Pale mbele. Useme tu, "Nimemsamehe," watu wasikie. Ukisema wewe, nani mwingine atanicheka? Peke yangu siwezi, mama. Nitakufa kwa aibu.

NOTBURGA: Hufi. Mimi ulinisimamisha mlangoni pa kanisa Misa mbili, ya kwanza na ya pili, umenivika hirizi ya mtoto shingoni. Nilikuambia mama mkwe ndiye aliyemfunga. Ukasema nisimame hivyo hivyo. Mtoto mgongoni anaunguza kama jiko! Ukatangaza atakayenisogezea kigoda na yeye atasimama. Nilikufa?

BERNADI: Nilidhani nalinda imani.

NOTBURGA: Jumanne mtoto akafa. Hukuja. Hukuleta msalaba, ukawazuia kwaya, ukawazuia jumuiya hata rozari wasisali. Mume wangu alichimba peke yake, tukamzika pembeni mwa mibuni. Nikaanza Baba Yetu, nilipofika katikati nikasahau. Baba Yetu, Katekista!

BERNADI: Nisamehe. Nimepiga magoti, mama, hapa hapa dukani. Bwana Ausi ananiangalia.

NOTBURGA: Anakuangalia? Vizuri. Usiinuke. Sasa msalie.

BERNADI: Nani?

NOTBURGA: Mwanangu. Sala ya maziko uliyomnyima. Unaijua kwa kichwa, mara ngapi nimekusikia ukiwasalia wengine. Msalie sasa hivi nisikie, na Jumapili nitakuja nisimame nawe.

BERNADI: Kwa simu?

NOTBURGA: Kwa simu. Ngoja... nimepanda juu ya kichuguu nikupate vizuri. Anza.

BERNADI: Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina. Ee Bwana, tunakukabidhi mtumishi wako... mtumishi wako, mtoto huyu—

NOTBURGA: Mtaje jina.

BERNADI: Tunakukabidhi malaika wetu huyu—

NOTBURGA: Jina, Katekista!

(Mtandao unakwaruza.)

BERNADI: Mama, sauti inakatika...

NOTBURGA: Haikatiki. Nakusikia unavyohema.

BERNADI: Ni... Hedwiga.

NOTBURGA: Hedwiga ni mtoto wa mwenyekiti wa waumini. Yule ulimzika kwa kwaya mbili.

BERNADI: Serafina?

NOTBURGA: Endelea tu, kalenda ina majina mengi.

BERNADI: Miaka saba, mama, na nimeandikisha watoto mamia—

NOTBURGA: Wewe ndiye uliyempa! Nilikuja na jina la bibi yangu, ukasema hilo la kipagani. Ukafungua kalenda ya kanisa, ukaweka kidole, ukasema mtakatifu wa leo ni huyu. Nikakushukuru! Siku tatu nzima najifunza kulitamka, mume wangu ananicheka.

BERNADI: Sikumbuki. (Analia.) Ee Mungu wangu, sikumbuki. Niambie.

NOTBURGA: Lia kidogo tu, salio lako halitoshi.

BERNADI: Niambie, nimsalie.

NOTBURGA: Sikiliza. Mimi nilishakusamehe. Pasaka iliyofuata nilikwenda kuungama, padre wa zamani akasema sitapokea komunyo mpaka nikusamehe. Nililia shambani kutwa nzima, nikakutukana, nikakusamehe. Msamaha unao siku zote hizi. Hukuja kuuchukua kwa sababu hukuona kama umenikosea.

BERNADI: Basi Jumapili utakuja mbele?

NOTBURGA: Siji. Ningekuja ungemtaja. Nitakaa kwenye benchi langu.

BERNADI: Na jina?

NOTBURGA: Sikupi. Liko kwenye kitabu cha ubatizo, ofisini kwa Padre, kwa mwandiko wako. Nenda kalisome.

BERNADI: Ofisi ile imepakana na soko! Nitapita katikati ya watu wote, mama, watanicheka—

NOTBURGA: Sana! Na watoto watakuletea bakuli. Na mimi nikiwepo nitacheka.

BERNADI: Una roho mbaya, mama Wilfred.

NOTBURGA: Ninayo. Naiungama kila mwezi, haiishi. Ukishalisoma, njoo kwenye mibuni nikuonyeshe mahali. Hapo nitasimama na wewe.

BERNADI: Utasimama? Kweli?

(Simu inalia: tit, tit, tit.)

BERNADI: Salio! Mama, salio linaisha—

NOTBURGA: Uje mchana! Usije gizani kama mwizi, nitakufungulia mbwa—

BERNADI: Haloo? Mama Wilfred? Haloo?

(Simu imekatika.)

BERNADI: Bwana Ausi... Landrova ya kwetu Mbinga kesho inaondoka saa ngapi? Niombee nafasi. Hapana, ndugu yangu, si huko nyuma chini ya turubai kama nilivyokuja. Mbele, karibu na dereva.