Fredi Haule na Nyumba ya Bi Sabra wa Likombe

Ndugu Fredi Haule anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya uthamini wa majengo. Aliripoti Mtwara akitokea Ludewa, kijana mwembamba, futikamba ya kupimia mfukoni na sweta la sufu mwilini. Sweta alilivua siku hiyohiyo, na hajalivaa tena hadi leo.

Kwa wageni waalikwa wasioijua kazi yetu, ni hii. Mthamini hufika kwenye nyumba, akapima urefu na upana, akatazama kama kuta ni za tofali au udongo, kama bati ni jipya au limeliwa na kutu, kama barabara iko karibu, kisha akakadiria thamani. Siku hizi nyumba nyingi hukatwa kodi ya majengo kidogokidogo kila zinaponunua umeme wa Luku, kiwango kimoja kwa wote. Lakini miaka ile thamani aliyoiandika mthamini ndiyo iliyoamua mwenye nyumba alipe nini. Ndiyo maana tukiingia mtaani watu walikuwa wakikumbuka ghafla kwamba wana safari.

Haule hakuwa mtu wa kudanganywa. Yuko bwana mmoja, jina tunalihifadhi maana ni shemeji wa mtu humu ofisini, aliyeacha ukuta wa mbele bila plasta miaka nenda rudi ili aonekane hohehahe. Haule hakubishana naye. Aliomba maji ya kunywa, akasogea mlangoni kuyapokea, na hapo akaviona vigae vinang'aa kuanzia sebuleni hadi jikoni. Habari zikaenea. Tangu hapo akionekana tu, mtu analetewa maji barabarani kabla hajaomba!

Wala hakuwa mkatili. Ukuta ukipasuka kwa mvua alirudi mwenyewe kushusha thamani, bila kusubiri mwenye nyumba aje kulia ofisini. Aliyempelekea gunia la korosho nyumbani usiku alirudishiwa asubuhi, majirani wakishuhudia. Ming'oko, mizizi yetu ya porini, alijifunza kula hadi akawashinda wenyeji. Kimakonde kilimshinda, ingawa hajawahi kukubali.

Hapa wasifu mwingine ungeingia kwenye shukrani na mwandishi angekaa chini. Tungependa iwe hivyo, jamani. Lakini Haule amesema jambo la Likombe lisipoandikwa hatatia mguu ukumbini, na tulipombembeleza akatujibu kwamba mficha uchi hazai. Basi tunaliandika, macho yetu yakiwa chini.

Kwao Ludewa, alivyolelewa yeye, nyumba ni ya baba, basi. Huku kwetu, katika familia nyingi za Wamakonde na Wamakua, ardhi hushuka upande wa mama, na mume huja kuishi kwa mke. Ila mgeni wa serikali akipiga hodi, anayetoka kumpokea ni mwanamume. Ndiyo heshima. Mwanamke hubaki uani akitafuta cha kumkirimu mgeni. Siku Haule alipofika Likombe, Bi Sabra Abdallah alikuwa uani anachemsha muhogo, nyuma ya nyumba aliyoijenga kwa korosho zake, juu ya kiwanja cha mama yake. Kibarazani alikuwepo mumewe, marehemu Jafari, mtu mpole aliyevaa kanzu safi. Haule hakuuliza nyumba ni ya nani. Alimwuliza Jafari jina, Jafari akataja jina lake, naye akaliandika kwenye nafasi ya mmiliki. Mtaa mzima aliufanya hivyohivyo, akarudi ofisini kabla ya jua kali, tukamsifu kwa wepesi wa kazi.

Daftari la kodi si hati ya kumiliki, na kila mthamini analijua hilo. Lakini mtaani, ambako wengi hawana hati, mgogoro ukizuka watu hutoa stakabadhi za kodi. Jafari alipofariki, arobaini haijaisha vizuri, mdogo wake Shafii akaja na stakabadhi zenye jina la kaka yake, stakabadhi ambazo Bi Sabra mwenyewe ndiye aliyezilipia. Akasema nyumba ni ya ukoo wao. Akaweka mpangaji vyumba vya mbele, na mama wa watu, umri umeshamtupa mkono, akahamishia kitanda chake kwenye banda la jikoni. Wazee walioshuhudia ujenzi walikwisha kutangulia mbele ya haki. Kila alipolalamika aliambiwa kwamba serikali yenyewe imeandika, yeye ni nani aikatalie?

Shauri lilipofika baraza la ardhi, Haule aliitwa kutoa ushahidi. Humu ofisini wapo waliomshauri aseme hakumbuki. Kiinua mgongo kiko mlangoni, ya nini kujichafua? Haule alichukua kofia yake akaenda.

Alipoulizwa ni kitu gani kilichomhakikishia kwamba nyumba ile ni ya Jafari, alijibu kwamba hakikuwepo kitu. Aliona kanzu, akaandika. Watu waliangua kicheko, na mmoja akamwita mthamini wa makanzu. Bi Sabra hakucheka. Aliomba ruhusa amwulize swali moja, akamwuliza kama, kwa kuta zote zile alizozipima, hakupata hata kujiuliza mchanga ulibebwa na kichwa cha nani. Haule akasema hapana, mama, sikujiuliza. Kisha akalia, mtu mzima na kalamu zake kifuani, mbele ya watu wa Likombe. Sisi tuliomsindikiza tulitamani ardhi ipasuke tuingie.

Baraza lilimrudishia Bi Sabra nyumba yake mwezi uliopita. Haule alitumia likizo yake ya mwisho kuurudia mtaa ule mlango kwa mlango, safari hii akiuliza nyumba ni ya nani na kungoja jibu hadi uani. Wapo wanaume waliomfukuza kwa matusi. Majina mengi yamerekebishwa, na mengine bado, nasi tunaobaki ndio wenye kazi hiyo.

Alikwenda pia kwa Bi Sabra kuomba radhi. Alipokewa vizuri, akapewa chai, na radhi akapewa. Ila mama alimweleza wazi kwamba yeye hakudhalilishwa sebuleni. Aliambiwa nyumba si yake msibani, kisimani, na barazani, watu wamejaa, tena kwa sauti kubwa. Radhi ya kunong'onezana juu ya vikombe hairudishi heshima hiyo. Kama ofisi yetu ina siku ya kukusanya watu, basi lisemwe hapo, na jina lake litajwe lote, ndipo atakula pilau yetu. Leo amekuja, na amekaa meza ya mbele pamoja na binti yake Nasra.

Kwa hiyo msomaji wa wasifu huu anaombwa apaze sauti hapa. Nyumba ile ya Likombe, yenye vyumba vitano na kibaraza cha saruji, ni ya Sabra Abdallah Nangomwa. Ilikuwa yake siku Fredi Haule alipoiandikia jina la mtu mwingine. Ilikuwa yake kabla ya siku hiyo, na haikuacha kuwa yake hata alipokuwa analala jikoni.

Kaka Haule, asante kwa kazi, na asante kwa kutulazimisha kuyasoma haya. Tunakuombea afya njema huko kwako Naliendele, na usingizi mnono. Wageni waalikwa, sasa tusimame tupige makofi. Tuanze na Bi Sabra. Haule amesema yeye atasubiri.