Methodius Rwezaura na Sauti Iliyomwita Bihogo

Ndugu waombolezaji, tunaomba utulivu, hasa kwenu mliokimbia jana, ili familia isome maisha ya ndugu yetu Methodius Rwezaura, nanyi mjue kwa nini mtu tuliyekwisha kumzika yuko hai, ameketi hapa mbele karibu na jeneza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1909 hapa Chonyonyo, mtoto wa kwanza wa Mzee Rwezaura na Mama Kokugonza, akasoma shule ya misheni toka 1919 hadi 1923, kisha akashika kahawa na migomba ya baba yake, kazi aliyoifanya hadi mwisho. Tarehe 6 Juni 1931 alifunga ndoa na Adelgunda wa Kaisho, wakajaliwa watoto sita.

Mwaka 1938 mdogo wake wa pekee, Protase, alikwenda Buganda kutafuta kazi, na mwaka 1942 ikaja habari kwamba amekufa kwa homa, na kwa kuwa mwili haukupatikana, wazee walizika shina la mgomba kwa jina lake, pale nyuma ya nyumba, na Methodius ndiye aliyelifukia.

Mwaka 1949 alinunua gramafoni mjini Bukoba, kabla hajaezeka bati, jambo ambalo Adelgunda hajalisahau hadi leo, na tangu hapo kila santuri mpya ilikuwa na baraza lake, majirani wameketi, ole wake anayekohoa, naye mwishoni akitoa hukumu kama hakimu. Tarehe 9 Machi mwaka huu wa 1957 zilimfikia tatu kutoka Kampala. Ya kwanza ilikuwa ya magita ya Kongo, akasema magita yanacheka lakini mwimbaji ana usingizi. Ya pili, ya tarumbeta, aliiponda bila huruma, akasema wapigaji wanagombania mlango mmoja. Ya tatu ilikuwa ya enanga, kinanda cha nyuzi cha harusi zetu, na mwimbaji wake alikuwa na jina la Kiganda tusilolijua. Kabla uzi haujalia, sauti ikaita, "Bihogo!"

Bihogo alikuwa ng'ombe wa Mama Kokugonza, na mtu mmoja tu duniani alikuwa na mazoea ya kumwita kabla ya kuimba. Methodius alisimama, akakaa, akashika kifua, akapiga kelele, "Adelgunda, nimemfukia ndugu yangu, naye anapumua!"

Moyo uliomsumbua tangu 1955 ulizidi, akalazwa tarehe 12 Machi, mwanawe Placidius akatumwa Masaka, mji ulioandikwa kwenye santuri ile, kumtafuta mwimbaji, na kila lori lilipopita marehemu aliuliza kama ndilo. Aliagiza azikwe katika kaburi lile la mgomba, kwani alisema ni aibu libaki na jina la mtu aliye hai. Alifariki tarehe 2 Aprili, asubuhi. Jana, tarehe 3, Protase, ambaye aibu ya kurudi mikono mitupu ndiyo iliyomzuia miaka yote, alishuka kwenye lori na enanga yake, nanyi mkaangusha majembe mkakimbia. Amechelewa siku moja tu, na inatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Chonyonyo na Igurwa, wenzake wa chama cha kahawa, na wachimbaji mliorudi kumalizia kazi.

Methodius, kaburi sasa ni lako, na anayekufukia ni Protase. Tulia, ndugu yetu.