Chura wa Tani Kumi Hataki Kuwaka

Watu wanaotazama mpira nawaelewa. Sisi wa kijiwe hiki tunatazama gari lisilotembea, tena tunagombania nafasi ya mbele. Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, umeegemea nyumba ya Dada Mkubwa, na mbele yake, pale uani, amelala Chura. Chura ni gari, msije mkakimbia. Milango miwili, viti viwili, tumbo karibu liguse ardhi, na taa zake za mbele zimejificha ndani, ukibonyeza swichi zinachomoza kama macho. Siku hizi linachomoza moja. Mwenyewe tunamwita Tani Kumi, ni mdogo wake Dada Mkubwa, na maisha yake yote kaendesha malori ya watu. Chura ndicho chombo cha kwanza kilicho chake. Sasa Dada kachoka. Kamwita mnunuzi wa chuma chakavu, anakuja alasiri hii hii na lori la kuvutia magari. Likiwaka kabla hajafika, linabaki. Lisipowaka, linakwenda kwenye mizani. Mimi nashona viti vya magari, kwa hiyo na mimi ni mtaalamu hapa, msinibishie.

Tani Kumi alikuwa ameketi ndani, mguu mmoja nje, anazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikanyamaza.

Tani Kumi: Mmesikia? Imetaka.

Wembe: Imetaka nini? Imepiga chafya tu.

Tani Kumi: Chafya ni uhai. Umeona maiti akipiga chafya?

Wembe ndiye kinyozi wetu. Kazi yake ni kuongea na visogo vya watu, kwa hiyo habari ya kukatizwa haijui kabisa.

Wembe: Mimi nimesema tangu mwanzo. Ni plagi.

Mimi: Plagi si mpya zile?

Wembe: Ndiyo ubaya wake, mpya! Injini kuukuu unaitia plagi mpya. Unamtia mzee meno ya dukani halafu unashangaa hataki kutafuna. Wahenga walisema, kipya kinyemi kingawa kidonda.

Mimi: Hiyo ni kusifu kitu kipya, Wembe.

Wembe: Kidonda umekisikia hukukisikia?

Mimi: Nimekisikia.

Wembe: Basi.

Unamjibu nini mtu kama huyo? Nikanywa kahawa yangu. Kahawa anatuuzia Mama Birika, anayeketi kwenye kigoda pembeni ya benchi, na ukitaka kujua gari limeharibika nini, yeye naye analo la kusema.

Mama Birika: Ni petroli. Imelala humo mpaka imechacha.

Tani Kumi: Mama, nimetia jana. Mbichi kabisa.

Mama Birika: Umetia juu ya ile ya zamani. Samaki mmoja akioza, mwanangu...

Tani Kumi: Ile ya zamani niliitoa yote.

Mama Birika: Na harufu yake uliitoa?

Hapo Tani Kumi akatoka ndani ya gari, akaenda kunusa mdomo wa tangi. Wallahi alinusa. Mtu akiwa na shida hata la mpika kahawa analichunguza, na mimi simcheki, kwa sababu nilisimama nyuma yake nikisubiri zamu yangu ya kunusa.

Wakati huo akawasili Mawimbi, fundi redio, amekumbatia betri kubwa ya dukani kwake.

Mawimbi: Ondokeni hapo. Mnanusa gari! Gari ni redio tu, isipokuwa kubwa. Umeme unaingia huku, sauti inatoka kule. Hili halina ugonjwa wowote.

Tani Kumi: Mbona haliwaki?

Mawimbi: Halijapata stesheni. Lipo katikati ya stesheni mbili, linakwaruza. Uliivuta antena?

Tani Kumi: Antena na kuwaka wapi na wapi?

Mawimbi: Mimi nimekuuliza, uliivuta?

Wembe akaivuta. Kamba ya kuanikia nguo ya Dada ilikuwa imefungiwa hapo, mashuka mawili yakashuka mpaka chini, ikabidi tuyakung'ute upesi na kuyarudisha kabla hajaona. Mawimbi akaunga betri yake na ile ya Chura. Dawa ya moto ni moto, akasema, ingawa hapakuwa na moto wowote, na ndiyo lililokuwa tatizo letu.

Tani Kumi akazungusha ufunguo. Jamani! Bomba la moshi lilipiga mshindo, ndege wa mtaa mzima wakaruka, Mama Birika akamwaga kikombe kizima mapajani, na kwa muda wa kupepesa macho injini ile ilinguruma. Ilinguruma kweli, nimeisikia kwa masikio yangu. Wembe alinikumbatia. Halafu ikazima.

Tani Kumi alibaki ameshika usukani.

Mawimbi: Imezimika kama gari la mwanafunzi.

Tani Kumi: Umesemaje?

Mawimbi: Nasema, imezimika kama vile mtu anajifunza udereva.

Tani Kumi: Hii kabureta niliitoa kwenye gari la shule ya udereva.

Tukatazamana. Nyie hamjui utamu wa kijiweni kama hamjawahi kuwapo pale jambo jipya linapozaliwa.

Mawimbi: Ehee! Kumbe! Kabureta ya watu, maisha yake yote kila anayeishika anaizima. Yenyewe inajua kuzima ndiyo kazi yake, ikizima inaona imefaulu. Na starta?

Tani Kumi: Starta ya gari la kubebea maiti.

Wembe: Laa! Hiyo imezoea kusomewa dua kwanza ndipo iondoke. Wewe unaiwasha kavu kavu.

Mimi: Na pampu ya mafuta?

Tani Kumi: Ya gari la muuza maziwa.

Mama Birika: Basi hiyo inasimama kila nyumba.

Mawimbi: Distributa je? Hiyo ndiyo inayogawa moto kwa kila plagi, hiyo ndiyo kichwa. Ilitoka wapi?

Tani Kumi: Ilikuwa ya gari la hakimu mmoja mstaafu.

Mawimbi: Umekwisha! Hiyo haitoi moto mpaka isikilize pande zote!

Wembe: Mcheza kwao hutunzwa. Hawa wote wako ugenini, nani atawatunza? Mnajua maana yake nini? Hilo si gari tena. Hiyo ni kamati. Nani kati yenu amewahi kuona kamati ikiwaka?

Tulicheka mpaka benchi likayumba. Hata Tani Kumi alicheka, halafu akaacha kucheka, akaanza kuuliza kwa dhati kabisa.

Tani Kumi: Sasa dawa yake nini?

Mawimbi: Ni kuzitoa zote, kuzilaza pamoja kwenye mkeka mmoja, zizoeane.

Wembe: Na kuzisemesha.

Tani Kumi: Zinahitaji kulala muda gani?

Dirisha likafunguka juu ya vichwa vyetu. Dada Mkubwa.

Dada: Kamati imefikia wapi?

Tani Kumi: Dada, shikamoo.

Dada: Umeniamkia asubuhi, usininunue kwa shikamoo. Limewaka?

Tani Kumi: Limeunguruma. Waulize hawa. Dada, niongezee muda, nipe nafasi kidogo tu.

Dada: Nafasi nilikupa. Ndipo hapo ulipolilaza gari. Nilitaka kupanda mboga pale, ukaniambia kesho linaondoka. Kesho yako imeota kutu.

Tani Kumi: Dada, sikiliza. Mimi nimebeba mizigo ya watu kwa magari ya watu. Ukifika unashusha, unarudisha ufunguo, unakwenda kwa miguu kwako. Huu ufunguo sijaurudisha kwa mtu. Ndio peke yake.

Dada alifunga dirisha, lakini alilifunga taratibu. Sisi tukawa tunatazama vikombe vyetu. Na hapo ndipo lori la kuvutia magari likakata kona, likaja kusimama pale pale mbele yetu.

Akashuka mtu mnene wa makamo, ovaroli imejaa mafuta, hana haraka hata kidogo. Akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono. Akaketi mwisho wa benchi, akaomba kahawa. Mama Birika akainamisha birika, ikatoka nusu kikombe na machicha. Ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Mgeni: Ndilo hili?

Wembe: Ndilo.

Mgeni: Zuri.

Tani Kumi akageuka kumtazama. Nadhani hakuwa amelisikia neno hilo siku nyingi.

Mgeni: Lilikuwa na ugonjwa gani?

Wembe: Sasa hivi kuna mawazo kadhaa. Wengine wanasema plagi, lakini ukiangalia vizuri hali ya kamati...

Mgeni: Si wa sasa, ndugu yangu. Wa kwanza. Uliolisimamisha hapa.

Wembe: Aa, wa kwanza! Starta. Starta ilikufa.

Mimi: Starta ilikufa kwa sababu tuliizungusha mno, Wembe. Tulikuwa tumefunga kabureta nyingine, ikakataa.

Wembe: Basi kabureta.

Mawimbi: Kabureta ya kwanza ilikuwa nzima. Tuliitoa kwa sababu pampu tuliyofunga ilikuwa inaizamisha kwa mafuta.

Mgeni: Na pampu ya kwanza ilikuwa na nini?

Mawimbi: Pampu... tulikuwa tumeshafungua distributa, tukaona afadhali na pampu tuimalize mara moja.

Mgeni: Distributa ilikuwa na nini?

Mawimbi akakuna shingo. Akanitazama mimi, mimi nikamtazama Wembe, na Wembe, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasubiri mtu mwingine aseme.

Mama Birika: Msiniangalie mimi. Mimi nilikuja hapa na birika langu kwa sababu niliwakuta mmeshasimama.

Tukamgeukia Tani Kumi. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

Tani Kumi: Halikuwa na kitu.

Mgeni: Kitu gani hakikuwapo?

Tani Kumi: Ugonjwa. Nililichukua kwa aliyeniuzia, nikaja nalo mpaka hapa, njia nzima linaimba. Kilima kile cha soko lilipanda kama hakipo. Nikaliegesha hapo. Mkaja kuliangalia. Mmoja wenu akasema, fungua tuone.

Wembe: Nani?

Tani Kumi: Sikumbuki. Mlikuwa mmefurahi. Na mimi nilikuwa nimefurahi. Nikafungua.

Mgeni: Kwa hiyo umeliendesha mara ngapi?

Tani Kumi: Hiyo.

Mgeni: Hiyo moja?

Tani Kumi: Hiyo moja.

Niseme kweli, niliona aibu iliyonifika mpaka masikioni. Mikono hii ndiyo iliyoshika tochi distributa ilipofunguliwa, na niliishika kwa bashasha. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nia mbaya. Tulitaka kujua tu. Tukajua kila kipande, tukakigusa, tukakitoa, na yule aliyelinunua akabaki na ufunguo.

Mgeni akaweka kikombe chini.

Mgeni: Sasa nilifunge kamba, au nisilifunge?

Aliuliza huku akimtazama Dada Mkubwa, kwa sababu Dada alikuwa ameshatoka, yuko mlangoni, hatujui amesikia kuanzia wapi. Dada naye akamtazama mdogo wake.

Tani Kumi alishusha boneti, akaikandamiza kwa viganja viwili mpaka ikalia.

Tani Kumi: Lifunge. Lakini usilinunue, kaka. Livute tu mpaka kwa yule aliyeniuzia. Yeye ndiye aliyelijua likiwa zima.

Mgeni: Kule mimi sikuwa na safari.

Dada: Aliyekuita ni mimi. Livute.

Mgeni akacheka kidogo, akaenda kuleta kamba zake. Mawimbi akabeba betri yake, akasogea karibu na mlango wa gari.

Mawimbi: Tani, tuje nawe? Huenda tukahitajika.

Tani Kumi: Hapana.

Alilisema kwa upole, tena alimshika bega. Lakini alilisema.

Akaingia, akaketi vizuri, miguu yote miwili ndani safari hii, akarekebisha kioo cha kutazamia nyuma. Dada Mkubwa akazunguka upande wa pili. Akatoa mashuka yake kwenye kamba, akanitupia mimi, akagonga dirisha.

Dada: Nifungulie.

Tani Kumi: Unakwenda wapi?

Dada: Limenizibia ua wangu, mvua na jua. Nataka na mimi nijue linaketiwaje.

Akajikunja, akaingia, magoti yake yakakaribia kidevu. Kiti hicho nilikishona mimi, na hakuna aliyekuwa amekikalia. Lori likanguruma, kamba ikakaza, matairi yakalia, na Chura akatoka uani. Tani Kumi alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, ameinama mbele, anatazama barabara utadhani kuna mbio. Pale penye kona alitoa mkono nje kuonyesha kwamba anageuka, ingawa aliyekuwa anageuka ni lori.

Hapo kabla hawajapotea tukamsikia Dada Mkubwa akicheka. Si kicheko cha adabu. Kicheko cha msichana, kirefu, kikaenda nao mpaka barabara kubwa.

Wembe: Anacheka nini?

Mama Birika aliinua birika tupu, akaanza kukusanya vikombe. Mawimbi alikuwa anatazama ile kona. Mimi nilikuwa nimekumbatia mashuka ya watu.