Vinasaba vya Fundi Redio

Benchi letu liko mbele ya duka la cherehani, na mwenye miwani hapa ni mmoja tu, mshonaji tunayemwita Wakili. Barua ya mtu yeyote husoma yeye, kwa sauti, sote tukisikiliza. Leo asubuhi Fundi Redio alitoka kliniki na bahasha, na kwa mazoea tu akampa Wakili. Mimi muuza kahawa nilijua tumekosea tangu mstari wa pili, lakini Wakili akianza hashikiki.

Barua ilieleza kwamba mwili mzima una vinasaba vilevile, ila kila kiungo huamsha vyake. Kwenye mrija unaopevusha mbegu za kiume, vya Fundi vingine vimelala, ndiyo maana mbegu zinatoka changa. Miaka sita ya ndoa, hakuna mtoto.

— Kwa hiyo vipo? Fundi Redio akauliza.
— Vipo, Wakili akasema. Havifanyi kazi tu.

Basi ushauri ukamiminika. Speedi wa pikipiki alilaumu simu ya mfukoni. Wakili alilaumu suruali za kubana, ambazo anashona mwenyewe. Speedi akaja na ushauri mpya: vinasaba vinaamshwa kwa mtikisiko, apande naye barabara ya mashimo wiki nzima. Akapata abiria, akaondoka akiwa bado anaeleza. Fundi Redio, maskini, alikuwa ameshatoa simu mfukoni na kulegeza mkanda. Niliwakasirikia wote, na yeye nikamwonea huruma.

Kulikuwa na mgeni mmoja anasubiri suruali yake ipunguzwe. Akauliza taratibu:

— Samahani, ndugu yangu. Shemeji anajua?

Fundi Redio aliinamisha kichwa.

— Bado. Miaka yote dawa anakunywa yeye. Mama yangu anamsema mbele yangu, nami nanyamaza. Nilidhani kweli ni yeye. Sasa naogopa kumtazama usoni.

Wakili alianza kusema kwamba wanawake huwa wanasamehe. Mgeni hakumjali.

— Nauliza tu. Atasikia kutoka kwako, au kutoka kwetu?

Wakili aliirudisha barua kwenye bahasha, akaikosea mara mbili. Tulioisikia tulikuwa watano, na Speedi huwa habebi abiria bila kumpigia stori. Fundi Redio akainuka bila kuaga, akashika njia ya nyumbani kwake, na kabla hajafika kona akaanza kukimbia.