Tumbo Lisiende Uchi

Kaloleni, pale kona ya bomba la maji, kuna benchi moja la mbao za reli. Hilo benchi limekata kesi nyingi kuliko korti zote kutoka Kisumu mpaka Mombasa. Limepigana vita vya Hitla na kushinda mara saba, limemposa binti ya Gavana, limekausha ziwa lote likahesabu mamba waliobaki kwenye tope. Kitu kimoja tu halijawahi kufanya: kwenda kazini. Asubuhi hiyo jua lilikuwa la kumchemsha ngege, samaki wa ziwani, akiwa bado anaogelea. Farajala, Mnubi wa Kibos, alikuwa ametua birika lake la kahawa na makaa yake chini, na wenye benchi walikuwa wamekaa. Upande huu Enos, waliyemwita Wakili kwa sababu hakuna mtu Kisumu aliyeshtakiwa mara nyingi kama yeye. Upande ule Waliaula, ama Redio, aliyerudi kutoka vita vya Bama, yaani Burma, na medali moja na gunia zima la uongo. Katikati Wakhisi, kuli wa bandarini, jina lake la kona Meli, maana alijisifu kwamba ugali wake hupakiwa kwa winchi.

Na wote walimwamini. Hawakujua kwamba tangu mvua za masika tumbo la Meli lilikuwa linarudisha hata uji, na usiku analala magoti yamefika kidevuni, anauma blanketi asimwamshe mkewe. Mkewe alikuwa macho kila usiku.

Siku hiyo alikuwa anakwenda hospitali kupigwa eksirei. Daktari wa picha alikuwa amekuja kwa treni kutoka Nairobi, na jioni anarudi. Dresa, msaidizi wa daktari, alimwonya Wakhisi: tangu jana jioni usile, usinywe, hata maji. Nabwire, mkewe, alitangulia alfajiri kumshikia foleni. Yeye alitakiwa kupita kona tu, moja kwa moja. Lakini meli itapitaje bandarini bila kutia nanga?

Wakili: Farajala, mtilie Meli kikombe.

Wakhisi: Leo mimi hapana kunywa.

Redio: Hapana kunywa! Umeokoka?

Wakhisi: Naenda kupigwa picha. Ya tumbo. Eksirei. Daktari amepanda treni Nairobi kwa sababu ya hili tumbo, wacha mchezo.

Wakili: Sasa picha na kahawa, wapi na wapi?

Wakhisi: Dresa amesema tumbo iende tupu.

Benchi lilicheka mpaka msumari ukachomoka.

Wakili: Tupu! Omera, ndugu yangu, ulipokwenda kwa Rajnikant kule bazaar kupigwa picha, ulikwenda uchi?

Wakhisi: Mimi? Nilivaa koti.

Redio: Koti ya Rajnikant!

Wakhisi: Koti ni koti.

Ni kweli. Picha hiyo ilikuwa ukutani kwake: koti la Rajnikant, saa ya Rajnikant, mkono umeegemea gramafoni ya Rajnikant. Ya kwake mwenyewe yalikuwa meno tu.

Wakili: Haya basi. Uso umeuvalisha koti, tumbo unalipeleka uchi? Hiyo picha itazungushwa Milimani yote, wazungu wanywe nayo chai. Watauliza, huyu ndiye Meli? Mbona ndani kama gunia la posta siku ya Jumapili? Mkono mtupu haulambwi, bwana!

Masikio ya Wakhisi yakawaka moto. Hapo ndipo Wakili alipomgusa. Ugonjwa hakuuogopa nusu ya vile alivyoogopa ile picha, kwamba mtu ataishika mkononi aseme: hii meli haina shehena siku nyingi.

Farajala: Dresa amesema asile. Mwacheni aende.

Wakili: Dresa! Huyo mtoto juzi alikuwa anachunga mbuzi wangu, na mmoja akampoteza. Mtu hajui mbuzi amekwenda wapi, atajua ugali umekwenda wapi?

Redio: Nyamazeni, nyinyi hamjui kitu. Mimi nimeiona hiyo mashine Bama. Hiyo mashine inakula.

Wakhisi: Inakula nini?

Redio: Chakula! Ile taa inaingia ndani kutafuta. Ikikuta samaki, inaramba samaki, inashiba, inatoka na heshima yake. Sajini wetu mmoja alifunga kama wewe. Taa ikaingia. Ikazunguka, ikazunguka, hakuna kitu. Ikachukua maini.

Wakhisi: Maini?

Redio: Yote. Alirudi kambini mwepesi, upepo ukivuma tunamfunga kamba kwenye hema.

Wakhisi: Sasa yuko wapi?

Redio: Alipandishwa cheo.

Wakhisi aliufunika ubavu kwa kiganja. Lakini Meli ni Meli, hata ikizama inapiga honi.

Wakhisi: Kwangu itapata taabu. Maini yangu ikianza kula leo, itamaliza Krismasi. Itapasuka!

Wakili: Na wewe utapasuka nayo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wazee walisema, na walikuwa wanasema hii eksirei hii. Wewe mtu wa ziwa. Ndoano inakwenda majini bila chambo?

Wakhisi: Hapana.

Wakili: Basi weka chambo! Mashine ikila chambo, itakuachia maini.

Ngege wa kukaanga akatoka kibanda cha Beldina, ng'ambo ya barabara, na mandazi juu yake. Farajala alikataa kumtilia kahawa, Wakili akampa kikombe chake mwenyewe, kisha cha Redio. Wakhisi alikula. Kula gani kule! Alikula kama mtu anayemkomoa adui yake. Hakuwa amemeza samaki tangu masika, na kila tonge lilishuka kama kaa la moto, naye anatabasamu, anasema, “Ongeza.” Benchi likashangilia.

Alikuwa analamba vidole Nabwire alipotokea mbio, furushi kichwani, vumbi mpaka magotini.

Nabwire: Baba Nakhungu! Wanaita jina lako. Nimeomba watu wapite mbele yetu mpaka wamenichoka. Dresa yuko mlangoni, anauliza neno moja tu.

Wakili: Neno gani, mama? Sema, mimi nitamjibia.

Nabwire: Amekula?

Wakili, mtu aliyekuwa tayari kumtetea shetani siku ya kiyama, akaanza kutazama bomba la maji kama anataka kulinunua. Redio akainamia viatu vyake, betri kwisha. Wakhisi alikuwa na mwiba wa ngege katikati ya meno.

Wakhisi: Nilikuwa naweka chambo.

Nabwire: Chambo ya nini?

Wakhisi akamtazama Redio.

Redio: Mama, kule Bama...

Nabwire hakumgeukia. Alishusha furushi, akamwambia Wakili, “Sogea.” Wakili akasogea. Akakaa kwenye benchi lile ambalo mwanamke hajawahi kulikalia, akafungua kitambaa. Viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, kibuyu cha maziwa.

Nabwire: Hii ilikuwa yako, ya baada ya picha. Na mimi sijala tangu jana. Nilisema usifunge peke yako.

Akaanza kula. Polepole, yai kwa chumvi. Wakhisi alinyoosha mkono kwa mazoea, mkono haukufika. Tumbo lilimkamata, akajikunja palepale kwenye benchi, magoti kidevuni, mchana kweupe, kila mtu anaona.



Farajala: Daktari wa picha atakuja tena lini?

Nabwire: Hawajui.

Wakili: Farajala, hebu tia kahawa.

Farajala aliinamisha birika. Likatoka tone moja la masimbi ya kahawa, likadondoka vumbini.

Nabwire alimaliza yai la mwisho, akafuta mkono, akamshika mumewe kwapani, akamwinua.

“Twende,” alisema. “Dresa ukamjibu wewe mwenyewe.”